Tangi, Springi na Mgongo wa Mume Wangu

Kanisani kwetu ushuhuda hupewa dakika tatu. Nimesimama mara kadhaa, nikasema Bwana asifiwe, nikaeleza habari ya kibarua kilichoota nyasi na nyumba iliyoingiliwa na ziwa, na kabla sijafika kwenye springi, kiongozi wa ibada ameshaanzisha pambio. Simlaumu. Watu hupenda kusikia msiba, kisha wasikie muujiza. Yaliyo katikati, ya grisi na bolti, hayana mvuto madhabahuni. Lakini sisi tuliokolewa hapohapo katikati, chini ya pikapu, na kwa kuwa hapa hakuna wa kunikatiza, nitaeleza.

Nilikuwa nafanya kazi katika shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha, kwenye banda la kupanga waridi kwa urefu wa shina na kuzifunga mafungu. Machi 2020 Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na siku hizohizo mnada wa maua wa Uholanzi ukaanguka. Waridi tulizofunga jana yake zikageuka takataka. Tukaambiwa twende nyumbani tungoje simu. Yangu haikulia. Mume wangu naye alikuwa dereva wa mkandarasi kwenye uchimbaji wa visima vya mvuke Olkaria, na mkataba wake ulikuwa umekwisha. Tulikuwa tumepanga mtaa wa Kihoto. Mwaka uleule ziwa likapanda, maji yakaingia mitaani, viboko wakawa majirani. Tulibeba godoro, sufuria na vitabu vya watoto, tukahamia Kamere.

Pikapu ilikuwa wazo lake. Miaka aliyoendesha Olkaria alikuwa ameona jambo ambalo mgeni halioni kwa sababu macho yake yanakwenda kwenye mvuke. Tangu 1981 ardhi ile inatoa umeme. Mabomba ya rangi ya fedha yanapanda vilima na kushuka, mahali pengine yamepindwa kwenda juu kufanya lango ili magari na twiga wapite chini yake, na hewa inanuka yai viza. Joto limejaa chini ya miguu yako, lakini maji ya kunywa ni ya kununua kwa mtungi. Ukipita mitambo, ukaelekea Narasha na boma zilizo upande wa Suswa, wakati wa kiangazi punda ndio bomba. Mume wangu alisema mwenye tangi na gari atakula.

Chama chetu cha akina mama kilinikopesha, shemeji akaongeza, na pengo lililobaki tukaliziba kwa shailoki mmoja wa mjini, wale wakopeshaji wa riba. Tukanunua Hilux ya dizeli yenye kabini moja, ambayo ilikuwa imemzidi umri kifunguamimba wetu. Tukafunga tangi la lita 1,000 huku nyuma kabisa, karibu na mlango wa bodi, ili bomba la kuchotea liwe rahisi kufikiwa. Pembeni tukapanga mitungi ya lita 20 kila palipokuwa na nafasi. Pampu na mpira vikakaa juu. Kijana wa utingo naye akakaa juu ya hivyo vyote.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Kila mtoto wa shule anajua, na tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima kabla hujahesabu plastiki yake, mitungi, pampu na watu. Pikapu ya aina ile imeundwa kubeba kama tani moja, dereva na abiria wakiwa ndani ya hesabu hiyo. Lakini nani alikuwa anapima? Barabara nzima ilikuwa inabeba hivyohivyo. Wenye Probox walibeba zaidi.

Pikapu iliyolemewa utaijua kwa mbali: imechuchumaa nyuma, pua juu, taa zinamulika matawi ya miti. Usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, kwa maana magurudumu ya mbele yanagusa ardhi kwa adabu tu. Lami ya kwenda kwenye mitambo ni nzuri, haina neno. Shida inaanza inapokwisha. Huko ni vumbi jeupe la volkano, chini yake mawe, na kati ya mawe hayo kuna vipande vyeusi vya kioo cha volkano vinavyoweza kuchana tairi ubavuni. Juu ya yote barabara imefanya matuta madogomadogo yaliyopangana, na kila ekseli inapopanda na kugonga chasisi, unausikia mgongano kwenye meno.

Ukame wa 2022 ulitupa kazi nyingi kuliko tulivyoweza. Ndipo jani kuu la springi ya kulia likakatika, jioni, tukiwa tumeipita Narasha. Nilikuwemo siku hiyo kwa sababu nilikuwa napokea pesa. Ekseli ilirudi nyuma upande mmoja, tairi likaanza kusugua bodi, tukasikia harufu ya raba inayoungua. Mume wangu alichukua tochi akachungulia, akatoka akaniambia, "Mama Shiru, hapa hatuinui kitu na maji juu." Jeki yetu ilikuwa ya gari tupu. Dawa ilikuwa moja, kufungua bomba na kuyamwaga.

Bibi mmoja wa Kimaasai alikuwa amesimama kando ya barabara na mjukuu wake, akitutazama. Alipoona mkono wangu uko kwenye bomba akaja mbio. "Dada, usimwage," akasema. "Ngoja." Akampigia mtu simu. Muda si muda wakaanza kutokea gizani, wanawake na punda, mitungi ya njano ikigongana, na tukawajazia mmoja baada ya mwingine kwa mwanga wa simu. Wengi hawakuwa na pesa jioni ile. Sikuandika majina, na sidhani ningeona kuandika. Yule bibi alikuwa amekaa juu ya jiwe akihesabu kwa vidole, mwenye mmoja, mwenye miwili. Wiki iliyofuata M-Pesa zikaanza kuingia kwenye simu yangu, ndogondogo, kutoka namba nisizozijua, mpaka hesabu ikatimia. Hapo kanisani wangepiga makofi, na mimi pia nikikumbuka hupiga.

Ila makofi hayakurudisha mgongo wa mume wangu. Usiku ule alilala chini ya gari, akapachika gogo kati ya ekseli na chasisi, akalifunga kwa mnyororo na vipande vya tyubu, tukarudi kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kulipokucha hakuweza kuinuka. Nakuru walimpiga picha, wakatuonyesha pingili za kiunoni, moja ikiwa imeubana mshipa wa fahamu. Daktari alisema asibebe kitu kizito na asitikiswe. Nilitaka kucheka. Asitikiswe, dereva wa Olkaria!

Nikajifunza kuendesha. Leseni niliipata, utingo akabaki, na mgonjwa akawa anatuelekeza kwa simu. Shailoki akaanza kupita nyumbani jioni, mpole, anasalimia watoto, anaizunguka pikapu na kuigusagusa.

Kila niliyemuuliza kuhusu springi alinipa jibu moja: ongeza majani. Ndiyo dawa ya Kenya nzima. Pale kwa mafundi wa jua kali mjini Naivasha wanachukua jani la springi ya lori kuukuu, wanalikata, wanalipasha moto na kulikunja, kisha wanalibana kwenye fungu lako kwa yubolti ndefu zaidi. Wakaniongezea mawili kila upande. Gari likasimama vizuri, mkia juu, na nilipolipakia halikugonga tena. Nilirudi nyumbani naimba.

Ila springi ngumu haijui kama umeshauza maji. Inabaki ngumu. Kurudi tupu kwenye yale matuta, mkia wa pikapu ulikuwa unarushwa kama punda anayefukuza nzi. Tangi lilidunda kwenye mikanda yake. Bodi ikaanza kupasuka kwenye maungio ya kuchomelea. Magurudumu ya nyuma yaliruka mpaka kwenye kona nikahisi gari linakwenda linakotaka lenyewe. Mume wangu alijaribu kunisindikiza siku moja ili anifundishe njia ya mkato, akarudi uso umepauka, akalala bila kula. Kazi yetu ina tabia hiyo: kwenda tumejaa, kurudi tupu, kila siku. Mwenye lori la mchanga anayepakia kwenda na kurudi majani ya ziada yanamfaa. Sisi nusu ya maisha ya gari letu ni gari tupu, na ilikuwa lazima mgongo wa mtu fulani uweze kurudi ndani yake.

Mifuko ya upepo niliiona mara ya kwanza Mai Mahiu. Tangu reli mpya ifike Suswa mwaka 2019 na bohari ya makontena ya Naivasha ifunguliwe, malori ya kwenda Malaba yamejaa pale. Dereva mmoja wa Uganda alikuwa amelala chini ya trela lake akisikiliza kitu. Nikamuuliza ana shida gani. Akanionyesha: kila ekseli ina mifuko ya raba nene, imejaa hewa, na trela zima limekaa juu yake. Likiwa na mzigo mfumo unaongeza hewa, likiwa tupu unaipunguza. Alikuwa anasikiliza mlio wa kuvuja. Nilimuuliza kama ipo ya pikapu. Akasema ipo, midogo, inasaidiana na springi badala ya kuchukua nafasi yake.

Nikashuka Nairobi, Kirinyaga Road, ambako kila kitu cha gari kinapatikana na pia kila kitu kisichokuwa cha gari lako. Duka la kwanza walikuwa tayari kuniuzia mifuko ya kuingizwa ndani ya springi za koili, ile wanayofungiwa watu wa Probox. Hilux yangu nyuma ina majani. Haina koili hata moja. Nilipomwambia muuzaji akasema fundi wangu atajua cha kufanya. La pili walikuwa na mifuko iliyotumika, mizuri kwa macho, lakini ukiikunja raba unaona nyufa nyembamba kwenye mikunjo. La tatu walikuwa nayo mipya, ndani ya boksi, na bei ambayo ilinirudisha kituoni kimya. Ilikaribia nusu ya deni la chama lililobaki.

Aliyenivusha ni fundi mmoja wa Nakuru niliyeelekezwa na mke wa dereva mwenzetu. Nilimkuta amevaa miwani iliyofungwa kwa waya. Nikamwambia nataka mifuko ya upepo ili nibebe tangi la elfu moja bila kuvunja springi. Hakuangalia gari. Aliuliza:

"Unabeba kilo ngapi, Mama?"

"Tangi moja, Fundi."

"Tangi si kilo. Nenda upime, urudi."

Nikadhani ananifukuza. Kumbe alikuwa na maana yake. Alinielekeza kwenye yadi yenye mizani ya malori, ambako kwa ada ndogo wanakupimia na kukupa karatasi. Akasema nipime gari likiwa limejaa, nipime likiwa tupu, na kila mara nipime zima halafu magurudumu ya nyuma peke yake. Pale kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibao kinachosema uzito wa mwisho. Nilikuwa nimekisugua kila Jumamosi bila kukisoma. Tulikuwa tumezidi, na hasa kule nyuma. Sehemu kubwa ya tani yetu ilikuwa imening'inia nyuma ya ekseli, na kwa hiyo mbele ya gari ilikuwa imepungua uzito kuliko ilivyokuwa tupu. Yule utingo alipoisoma ile karatasi akanyamaza, akaomba nauli ya kurudi kwa matatu.

Fundi aliichukua karatasi, akaiweka juu ya boneti, akanisomea. Mfuko wa upepo, alisema, unainua gari lakini hauliongezei nguvu. Ekseli ni ileile, beringi ni zilezile, tairi ni zilezile, breki ni zilezile, na kibao cha mlangoni hakibadiliki kwa sababu umefunga kitu chini. Anayefunga mifuko ili azidishe mzigo amejifichia dalili tu, kwa maana gari halichuchumai tena na yeye haoni kwamba limelemewa.

Kisha akanionyesha la chasisi, akigonga chuma kwa spana. Springi ya majani inaupeleka uzito kwenye chasisi katika sehemu mbili, mbele na nyuma, pale ilipofungiwa. Mfuko unakaa katikati, juu ya ekseli, na unaisukuma chasisi kutoka chini kwa nukta moja. Ukiwa na mzigo mzito unaoning'inia nyuma ya nukta hiyo, na barabara ya matuta, chuma kinakunjika hapohapo. Australia, ambako watu hupenda sana mifuko hii na barabara zao za ndani ni mbovu, pikapu nyingi za milango minne zimekunjika mgongo hivyo. "Mgongo wa gari nao una pingili, Mama," akasema. Hakuwa anajua habari za mume wangu. Nilikaa kwenye tairi kuukuu nikalia kidogo, yeye akajifanya anatafuta kitu kwenye kabati.

Jambo la tatu ndilo lililonitisha, na hakuna muuzaji hata mmoja aliyelitaja. Chini ya Hilux yangu, upande wa nyuma, kuna fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu ya breki. Gari likilemewa na kushuka, fimbo ile inaiambia valvu iongeze nguvu ya breki za nyuma. Gari likiwa tupu na limeinuka, inaipunguza ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Sasa ukiliinua gari kwa upepo likiwa na mzigo kamili, fimbo inadhani ni tupu. Breki za nyuma zinapungua wakati ule unapozihitaji kuliko wakati wote. Miezi ya mvua maji hayauziki na mimi hubeba viazi kutoka mji wa Engineer kushuka Naivasha. Nikaufikiria ule mteremko. Fundi akasema kwa hiyo hatutaliinua gari kiasi cha kusimama sawasawa. Tutaliacha lishuke kidogo kama lilivyoundwa, na fimbo itarekebishwa kwa kipimo cha gari lililopakiwa, si kwa kubahatisha.

Nilirudi Kamere na karatasi ya mizani, na karatasi ile ndiyo niliyoipeleka kwenye chama. Nilikuwa naomba mambo mawili: waniongezee pesa za mifuko na springi mpya, na wanisaidie kumlipa shailoki ili nibaki na deni moja. Mama mmoja, ambaye mpaka leo ni rafiki yangu, aliuliza swali lililokuwa kwenye vinywa vya wote: "Yaani tukuongezee pesa ili ubebe maji kidogo?" Kwa maana nilikuwa nimeshawaambia tangi la elfu moja linaondoka. Mwekahazina wetu ni mwalimu mstaafu. Aliomba daftari langu la matumizi, akajumlisha springi zilizovunjika, kuchomelea bodi, tairi, siku ambazo gari lililala kwa fundi, na hospitali. Akasoma jumla kwa sauti ya darasani. Kisha akasoma bei ya mifuko. Hakuongeza neno. Walipiga kura kwa kuinua mikono, na nikapewa.

Fundi aliyatoa majani yote niliyoongezewa akayatupa pembeni, akafunga fungu jipya la kipimo cha kiwandani, shokapu mpya na bushi mpya. Mifuko ikakaa kati ya springi na chasisi, mmoja kila upande. Kuna aina ambazo zinataka uondoe raba za kugongea ili mfuko ukae mahali pake. Yeye alichagua aina inayoziacha, kwa sababu mfuko ukipasuka usiku karibu na nyati wa Olkaria, unataka chasisi iwe na kitu cha kutua juu yake na wewe urudi nyumbani. Mirija ya hewa alipitisha miwili, kila mfuko na valvu yake. Wengi huiunganisha kwa mrija mmoja kuokoa pesa, na kwenye kona hewa ya mfuko uliolemewa inakimbilia wa pili, gari linalala upande zaidi. Mrija wa kulia unapita mbali na bomba la moshi. Mbele ya kila mfuko alifunga kipande cha raba ya tairi ya lori kuzuia mawe.

Tangi jipya ni la lita 500, na limesukumwa mbele mpaka limegusa kabini. Maji mengine ni mitungi kumi ya lita 20, yote mbele ya ekseli au juu yake. Lita 700 kwa jumla. Nilikuwa nimependekeza tubaki na tangi kubwa tulijaze nusu, fundi akakataa katakata: maji ya nusu tangi yanakimbia kutoka upande hadi upande, na kwenye kona yanakusukuma baada ya wewe kudhani umeshamaliza kuikata. Mtungi uliojaa na kufungwa hautikisiki ndani. Tangi la zamani tulimuuzia jirani, analikingia mvua.

Asubuhi, kabla ya kupakia, najaza mifuko kwa kipampu kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Kipimo tulikipata kwa kujaribu na rula: tunapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, gari likiwa tupu na likiwa limepakiwa, na upepo tunaoweka ni ule unaolirudisha gari karibu nusu ya lilivyoshuka, basi. Mifuko yangu mtengenezaji anasema isizidi 100 kwa kipimo kilekile cha upepo wa tairi, na isishuke chini ya 5 hata gari likiwa tupu, kwa sababu raba isiyo na hewa hujibana yenyewe na kukatika kwenye mkunjo. Mimi sijafika hata robo tatu ya huo mwisho. Maji yakiisha nasimama, nabonyeza valvu, nasikia hewa ikitoka, na gari linalainika. Kila Jumamosi utingo hupaka maji ya sabuni kwenye viungo kuangalia mapovu. Kibao cha mlangoni sasa tunakisugua na kukisoma.

Mapato ya safari moja yalipungua, sitadanganya. Wateja wengine waliona tumekuwa wachoyo. Yule bibi wa Narasha aliuliza mbona tangi limekonda, nikamweleza, akasema basi nimletee yeye wa kwanza, na ndivyo ninavyofanya. Tulipandisha bei ya mtungi kidogo. Siku ambazo gari lilikuwa linalala kwa fundi zikawa siku za kazi, na shailoki alipolipwa alitoa risiti, akapeana mkono na watoto, hakuonekana tena. Deni la chama limebaki kidogo. Mfuko wa kushoto ulivuja mara moja kwa sababu mrija ulisuguliwa na vumbi kwenye kona ya chuma. Kiungo kipya na kipande cha hosi ya kuukinga vilitosha.

Mume wangu alikaa muda mrefu bila kupanda gari lile. Mazoezi aliyopewa hospitali aliyafanya sakafuni kila asubuhi, watoto wakimhesabia. Septemba 2023 aliomba aje. Kwenda alikaa upande wa abiria na mto nyuma ya kiuno, tukiwa tumejaa, naye akisikiliza chini kwa sikio la dereva. Tulipouza yote nilitoa upepo, akashuka, akazunguka, akaniomba funguo. Alitutoa Narasha hadi kwenye lami, akapita chini ya mabomba ya mvuke, akatoka lango la Olkaria, na sikumwambia aende polepole kwa sababu alikuwa anaenda polepole mwenyewe. Kamere tuliingia kituo cha mafuta. Dizeli ilikuwa ndiyo kwanza imevuka shilingi 200 kwa lita. Alishuka, akajinyoosha, akasoma bei kwenye pampu, na akaanza kugombana na serikali kwa sauti kubwa mpaka kijana wa mafuta akaniangalia mimi kuuliza kama yuko sawa. Nikamwambia yuko sawa kabisa, ajaze.